Dozi ya saratani: Uliza kama ni ya siku moja au ya siku nne

Dawa nyingi za saratani ni sumu iliyopimwa. Huua chembe za ugonjwa kwa kuwa chembe hizo huzaana haraka, lakini hazichagui. Uboho unaotengeneza damu, utando wa kinywa na mizizi ya nywele navyo huzaana haraka, navyo huumia. Kipimo kikizidi, tiba hugeuka sumu.

Ndivyo ilivyotokea Boston, Marekani, mwaka 1994, katika Taasisi ya Dana-Farber, yenye sifa kubwa duniani. Betsy Lehman, mwandishi wa habari za afya wa gazeti la Boston Globe, mwenye umri wa miaka 39, alikuwa akitibiwa saratani ya matiti. Dozi ya saiklofosfamaidi iliyokusudiwa kugawanywa kwa siku nne ilisomwa kuwa dozi ya kila siku. Alipewa kipimo mara nne. Moyo ulishindwa, akafariki Desemba 3. Mgonjwa wa pili aliyezidishiwa vivyo hivyo alinusurika, ila moyo wake uliharibika. Kosa liligunduliwa Februari 1995, na mfanyakazi aliyekuwa akikusanya takwimu za utafiti.

Kisa hicho kinatuhusu sisi wa Malukhu. Saiklofosfamaidi si ngeni Uganda: ndiyo iliyoponya watoto wengi waliokuwa na uvimbe wa taya ambao Dkt Denis Burkitt wa Mulago aliueleza mwaka 1958. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa hapo hapo Mulago mwaka 1967. Mgonjwa wa Mbale anayepelekwa huko husafiri zaidi ya kilomita 200, kupitia Tirinyi, Iganga na Jinja, na mara nyingine hurudi na vidonge vya kumeza nyumbani. Wengine huvuka Malaba kwenda kutibiwa Kenya. Sisi tuliosomea uhamishoni huko kisha tukarejea twajua kwamba karatasi ikivuka mpaka, msomaji wake hubadilika.

Dawa ya kuangaliwa zaidi na mfanyabiashara wa mpakani ni methotreksati. Hutibu saratani, na kwa dozi ndogo hutibu baridi yabisi ya viungo. Kwa baridi yabisi humezwa mara moja tu kwa wiki. Katika nchi mbalimbali watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Isitoshe, kuna vidonge vya miligramu 2.5 na vya miligramu 10. Anayehesabu vidonge bila kusoma namba aweza kumeza mara nne.

Kwenye bahasha ya duka la dawa huandikwa 1x1 au 2x3. Darasani, mwanafunzi akiniandikia 1x1 bila kusema moja ya nini, simpi alama. Basi na tuulize: Dawa hii yaitwaje? Ni ya ugonjwa gani? Kila kidonge ni miligramu ngapi? Dozi hii ni ya siku moja, ya wiki, au ya duru nzima ya matibabu? Ikiwa ni ya wiki, siku iandikwe kwa jina: Jumatano, si "mara moja".

Dalili za dozi iliyozidi ni vidonda vya mdomoni, kutapika, kuharisha, homa, michubuko bila kugongwa, na damu puani au kwenye ufizi. Zaweza kuchelewa siku kadhaa. Usingoje dalili: ukijua umezidisha, nenda hospitali saa hiyo hiyo ukiwa na paketi zote. Methotreksati ina dawa ya kuipinga, asidi ya foliniki, ambayo hufaa zaidi ikitolewa mapema. Saiklofosfamaidi haina dawa kama hiyo.

Hata hivyo, asiache mtu matibabu kwa hofu. Saratani isiyotibiwa huua. Ukitumwa ng'ambo ya mpaka kumnunulia jirani dawa hizi, usikubali bila karatasi ya daktari, na vidonge vilivyobaki usimpe mwingine. Muuguzi akikereka kwa maswali yako, vumilia, uliza tena.