Usikiogope chungu cha bibi

Ukiingia jiko la bibi huko Mgwashi, kwa Wasambaa, unaweza kukuta vyombo viwili karibu na mafiga: chungu cheusi cha maharage, na sufuria nzito ya alumini iliyoyeyushwa na fundi, iliyonunuliwa mnadani. Mgeni wa mjini aliyesikia kwamba vyombo vya udongo vina madini ya risasi atakinyooshea chungu kidole. Amekosea chombo.

Risasi huingia kwenye vyombo vya udongo kupitia lile ganda la kioo linalopakwa juu yake, kama kwenye bakuli za dukani. Mchanga mtupu hauyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 1,700. Ukichanganywa na oksidi ya risasi huyeyuka kwa joto dogo zaidi, na ganda hutoka laini, lenye rangi kali. Chungu cha Kisambaa hakipakwi ganda hilo. Akina mama, ambao kwa desturi ndio wenye kazi hii, hufinyanga kwa mkono, hukausha, husugua kwa kokoto laini, kisha huchoma nje kwa kuni na majani. Mng'ao kidogo unaouona ni wa jiwe.

Ya kuulizwa ni sufuria. Fundi huyeyusha alumini yoyote aipatayo: vipande vya injini, rejeta, mabaki ya vifaa vya umeme. Risasi hupenya humo humo. Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya vyombo 42 vya namna hii kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo. Walivichemsha na siki hafifu kwa saa mbili. 15 vilitoa angalau maikrogramu moja ya risasi kwa kila mlo wa mililita 250. Ni kidogo mno kwa macho, lakini Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio huumia zaidi.

Kwa nini siki? Vijiti vya kupima risasi vinavyogeuka vyekundu huonyesha kilicho juu tu, na mara nyingine hudanganya. Mashine ya eksirei huhesabu risasi iliyomo kwa sekunde chache, ila haisemi kama itatoka: chombo kinaweza kuwa nayo nyingi na kuishikilia. Mlaji anataka kujua kinachotoka. Ndiyo maana bakuli zenye ganda hujazwa siki ya asilimia 4, zikaachwa gizani saa 24 kwa nyuzi 22, kisha siki yenyewe ikapimwa. Siki hapo imesimama badala ya nyanya na ndimu.

Nyumbani, tatizo ni usafi wetu. Sufuria ya alumini huvaa utando wa kijivu kwa ndani, nasi tunaona uchafu, tunaiparuza kwa mchanga na majivu mpaka ing'ae. Utando ule ndio kinga yake. Uache. Na mchuzi wa nyanya ukibaki usiku, usiulaze kwenye sufuria. Umimine kwenye chungu.