Jeki Hupandisha, Stendi Hushika

Jeki inayokuja na gari, ile ya mkasi iliyolazwa karibu na gurudumu la akiba, iliundwa kwa kazi moja: kubadilisha tairi barabarani, nawe ukiwa nje ya gari. Vitabu vya magari karibu vyote vinakataza mtu kuingia uvunguni wakati gari limeshikwa na jeki hiyo peke yake. Lakini pita mtaa wowote wa Dar es Salaam Jumamosi asubuhi, hukosi kuona miguu miwili imetokeza chini ya gari lililoinama upande, tani nzima ikiwa imening'inia kwenye parafujo moja nyembamba.

Anayetaka kufanya kazi ndogondogo nyumbani, kama kumwaga oili, kubadilisha pedi za breki au kukagua bushi, anahitaji vifaa vya namna mbili. Kuna cha kupandisha gari na kuna cha kulishika likishapanda. Wengi humaliza pesa zote kwenye cha kwanza.

Jeki za haidroliki, iwe ya chupa au ile ya magurudumu inayosukumwa sakafuni, zinafuata kanuni aliyoieleza Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17: shinikizo kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa kila upande. Unapopampu, pistoni ndogo inasukuma oili chini ya pistoni kubwa, na upana wa hiyo ya pili ndio unaozidisha nguvu za mkono wako. Kwa njia hiyo mtu wa kilo 60 anainua gari kama Toyota Noah bila kutoa jasho. Ubaya ni kwamba gari linabaki juu kwa hisani ya sili za mpira na kivalvu kidogo. Punje ya uchafu ikikaa kwenye kivalvu hicho, oili inarudi ilikotoka na gari linashuka, pengine taratibu, pengine kabla hujavuta mkono. Kinachoongeza tatizo ni desturi ya kujaza oili ya breki kwenye jeki iliyopungukiwa. Oili ya breki huharibu sili za jeki. Weka oili ya haidroliki tu. Na jeki ikipanda kwa kusitasita, mara nyingi imeingia hewa: fungua valvu, pampu mara kadhaa bila mzigo, ongeza oili, kisha funga.

Kifaa cha pili, stendi, hakina oili ndani yake. Ni chuma juu ya chuma, kikizuiwa na meno au pini inayopita kwenye tundu. Mimi napendelea ya pini, kwa kuwa unaiona kwa macho ikiwa imepita upande wa pili. Ya meno inakutaka uamini kwamba kabari ya ndani imeshika sawasawa. Mwaka 2020 kampuni ya Marekani ya Harbor Freight ililazimika kuziita dukani stendi zake zaidi ya milioni moja, kwa sababu meno ya baadhi yake hayakuwa yakishika vizuri na stendi ingeweza kushuka ghafla ikiwa na mzigo. Baadaye mwaka huohuo, baadhi ya stendi zilizotolewa kufidia zile za kwanza nazo ziliitwa kwa kasoro ya uchomeleaji. Kwa hiyo angalia maungio kwa makini kabla ya kulipa. Pale mbele ya duka, panda juu ya stendi, itikise, tazama kama miguu yote inakaa chini. Tofali la saruji lisiwe stendi kamwe, hata likiwa jipya. Halipindi likakupa onyo. Hupasuka mara moja.

Uzito sasa. Toyota IST ina takriban tani moja, Noah inakaribia tani 1.6, na Prado inapita tani mbili. Jeki huinua kona moja au upande mmoja tu, hivyo jeki ya tani 2 inatosha kwa gari dogo, na ya tani 3 inakupa nafasi ya kupumua. Kwa gari refu la kwenda porini tazama pia urefu wa kupanda, maana jeki inaweza kufika mwisho wake wakati gurudumu bado limekanyaga chini. Soma lebo vizuri. Tani ya Kimarekani ni kilo 907, hivyo "tani 3" za huko ni kilo 2,721. Na stendi nyingine huandikwa uwezo wa moja, nyingine uwezo wa jozi.

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni sakafu. Jeki ya magurudumu haipandi kwa mstari ulionyooka. Kichwa chake kinachora tao, kwa hiyo jinsi gari linavyopanda, jeki yenyewe inatakiwa ijisogeze taratibu chini ya gari. Kwenye zege laini inajisogeza bila wewe kujua. Kwenye udongo, kokoto au pevingi zilizoachana, magurudumu yake madogo yanakwama, na hapo kichwa ndicho kinachotembea. Ama kinaliburuta gari, ama kinateleza na kutoka. Ukiwa na uwanja wa udongo, tandika ubao mpana wa plaiwudi nene, jeki isimame juu yake, na kila stendi iwe na ubao wake, la sivyo miguu itazama upande mmoja. Ubao usiwe mdogo kuliko nyayo za stendi. Sakafu iliyoinama kuelekea mfereji wa maji, kama zilivyo baraza nyingi za magari, haifai, labda upate sehemu moja tambarare.

Jambo la pili ni kuzuia magurudumu, na hapa hata madereva wazoefu hudanganywa na gari. Handibreki katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, handibreki imeshika magurudumu yaliyo hewani, na gari lote limebaki kwenye matairi ya mbele yanayozunguka yanavyotaka. Basi niweke gia ya P, utasema. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, P hufunga gia boksi, lakini kati ya gia boksi na magurudumu kuna difu. Gurudumu moja la mbele likiwa juu, difu huliruhusu lizunguke kinyume, na lile lililo chini likapata uhuru wa kusogea. Hapo P haijashika kitu. Dawa yake ni kabari, mbele na nyuma ya gurudumu linalobaki chini, kabla jeki haijaguswa. Kipande cha mbao kilichokatwa mshazari kinafaa kuliko jiwe la duara.

Mahali pa kuinulia pameonyeshwa kwenye kitabu cha gari, na kwa kawaida bati la chini ya mlango lina alama mbili za mkato karibu na kila gurudumu. Kati ya alama hizo bati limeimarishwa. Nje yake litajikunja. Magari yetu mengi yalitumika kwanza Japani, na yale yaliyotoka Hokkaido na mikoa mingine ya theluji yamepita miaka kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi. Ukiongeza hewa ya bahari ya Mombasa, Tanga au Unguja, unaweza kukuta bati zuri juu na unga wa kutu chini. Gonga kwa bisibisi. Likisikika bovu, usiinulie hapo. Tafuta chasi au fremu ya mbele. Usiweke jeki kwenye sampo ya oili kwa namna yoyote.

Siku hizi wengi wanaulizia lifti za kubebeka. Inayojulikana zaidi ni QuickJack ya Marekani: fremu mbili zinazolala chini kwa kimo cha sentimita nane hivi, zinaingizwa chini ya gari, kisha pampu ya umeme inalinyanyua lote mara moja hadi karibu nusu mita. Modeli ya kuinua pauni 5,000, yaani kilo 2,268, inatosha saluni nyingi. Ni kifaa kizuri, na ubora wake mkubwa ni kufuli za chuma zinazoshika fremu ikishapanda. Lakini pima kwanza umbali kati ya alama za kuinulia za gari lako, kwa kuwa fremu ina kikomo chake. Ukiagiza Marekani, hakikisha mota si ya volti 110. Na kumbuka kwamba ili kufungua kufuli, ni lazima fremu ipandishwe kidogo kwanza. Umeme ukikatika gari likiwa juu, litabaki juu mpaka urudi. Ipo ya volti 12 inayotumia betri, na kwa mazingira yetu ningechagua hiyo. Lifti za nguzo mbili zinazofungwa kwa boliti zinataka zege imara lenye unene wa angalau sentimita 10. Fundi aliyemwaga sakafu yako ndiye anayejua kama lipo, kama atasema kweli.

Gari likishakaa juu ya stendi, lisukume kwa mkono kutoka ubavuni kabla hujaingia chini. Likicheza, lishushe uanze upya. Acha jeki ikigusa chasi kidogo bila kubeba mzigo, iwe akiba, na mtu mwingine awepo nyumbani akijua uko uvunguni.

Kwa anayemwaga oili mara chache kwa mwaka, lifti ni anasa. Kwa anayekaa chini ya gari kila wiki, inalipa. Na kama mfuko wako mwezi huu unatosha kitu kimoja tu, nunua jozi ya stendi. Jeki unaweza kuazima kwa jirani.