Kibuyu chenye mlango wa hilali chamrudishia mbayuwayu nyumba

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wa ukanda huu hawahitaji kuelezwa kibuyu ni nini. Kuna cha kuchotea maji, cha togwa na cha maziwa ya mgando. Wakalenjin wa Kenya wana sotet ya mursik. Wanyarwanda na Warundi wana igisabo, buyu kubwa la kusukasukia maziwa mpaka siagi itoke. Mashariki ya Marekani kibuyu cha jamii hiyo hiyo hupakwa rangi nyeupe, hutobolewa mlango na kutundikwa juu ya nguzo nyuma ya nyumba, ili ndege apange humo.

Ndege mwenyewe ni mbayuwayu zambarau, mkubwa kuliko mbayuwayu wote wa Amerika Kaskazini. Dume aliyekomaa ana weusi wa buluu unaometa kama tunda la zambarau lililoiva. Huzaa Kanada, Marekani na Mexico, na baridi ikikaribia huhamia Amerika Kusini, wengi wao Brazil. Mara mbili kwa mwaka anavuka mipaka ya nchi kadhaa, wala hapangi foleni forodhani.

Kinachomfanya awe habari ni kwamba mashariki ya Milima ya Rocky ndege huyu karibu hana tena nyumba nyingine. Wenzake wa magharibi bado hutaga kwenye matundu ya miti mikuukuu, na huko Arizona kwenye matundu yaliyochimbwa na vigong'ota ndani ya madungusi marefu ya jangwani. Wa mashariki wamehamia kwenye vibuyu na visanduku vinavyowekwa na watu. Watu wakichoka, au wakikosea vipimo, hawana pa kwenda, na idadi yao imekuwa ikishuka tangu miaka ya 1960. Ndiyo maana wanaowatunza hujiita wenye nyumba, na ndege huwaita wapangaji.

Upangaji huu ni wa zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Alexander Wilson, mtaalamu wa ndege aliyezaliwa Scotland, aliwakuta Wachoctaw na Wachickasaw wakikata matawi ya mti mchanga karibu na vibanda vyao, wakibakiza vijiti viwili vitatu na kutundika kibuyu kwenye kila kimoja. Kando ya mto Mississippi aliona watu weusi, wengi wao watumwa wakati huo, wakisimamisha matete marefu yenye vibuyu vya namna hiyo nchani. Baada yake mchoraji John James Audubon aliandika kwamba karibu kila nyumba ya wageni ya vijijini ilikuwa na kisanduku cha mbayuwayu juu ya bango lake, na kwamba kwa uzoefu wake kisanduku kikiwa kizuri, na nyumba ya wageni ilikuwa nzuri. Msafiri anayelala Namanga au Busia angefurahi kuwa na kipimo rahisi hivyo.

Kibuyu chenyewe asili yake ni Afrika. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vibuyu vya kale vya Amerika vina undugu na vya Afrika, na maelezo yanayokubalika ni kwamba vilielea juu ya Bahari ya Atlantiki vikiwa na mbegu ndani mpaka vikafika ufukwe wa pili. Vilitangulia meli kwa maelfu ya miaka.

Bidhaa mbili kutoka Ulaya ndizo zilizoharibu mambo. Shomoro wa majumbani aliletwa New York kutoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1850. Mwaka 1890 na 1891 wakaachiwa kwezi wa Ulaya wapatao 100 katika bustani ya Central Park. Leo kwezi wametapakaa bara zima. Kwezi na shomoro wote hutaga kwenye matundu, hawahami kwenda mbali kama mbayuwayu, na anaporudi kutoka Brazil huwakuta wameshaingia. Kwezi hutoboa mayai na anaweza kumuua ndege ndani ya kiota. Shomoro hutupa mayai nje.

Sasa tuingie sokoni. Mwaka 1962 wakazi wa mji mdogo wa Griggsville, jimbo la Illinois, walikuwa wamechoshwa na mbu. J. L. Wade, aliyekuwa na kiwanda cha antena za televisheni mjini hapo, akaanza kutengeneza nyumba za mbayuwayu za alumini, zenye vyumba vingi kama ghorofa, nyepesi na rahisi kuosha. Ziliuzwa nchi nzima, na mji ukajitangaza kuwa makao makuu ya mbayuwayu. Neno lililouza lilikuwa moja: ndege mmoja hula mbu 2,000 kwa siku.

Neno hilo halikusimama. Mwaka 1968 mtaalamu Herbert Kale alichapisha makala kuonyesha kwamba hapakuwa na ushahidi wa dai hilo. Mbayuwayu zambarau huwinda mchana, tena juu sana. Mbu wengi huruka chini, jioni na usiku. Chakula chake hasa ni kerengende, mbawakawa, vipepeo na sisimizi wenye mabawa, na mbu humezwa kwa bahati tu. Kila aliyewahi kusimama nyuma ya meza ya soko anajua sifa kama ile ilivyo tamu mdomoni, na anajua pia mteja aliyeahidiwa kisichokuwepo hurudi na uso gani. Hata hivyo nadhani si haki kumtupia Wade lawama zote. Bila matangazo yake familia nyingi zisingesimamisha nguzo hata moja.

Kasoro iliyowaumiza ndege ilikuwa kwenye vipimo. Vyumba vya nyumba nyingi za kiwandani vilikuwa vya sentimita 15 kwa 15, na mlango wa mduara wa kama sentimita 5.4. Katika chumba kifupi hivyo kiota hukaa mlangoni kabisa. Bundi hunyoosha kucha tu akazoa makinda, na mvua ya upepo hulowesha mayai. Mlango wa mduara nao humkaribisha kwezi bila kubisha hodi. Watu walinunua, wakasimamisha, wakasubiri miaka, nyumba ikabaki tupu au imejaa wasiotakiwa.

Nyumba hizo hazikutupwa. Wenye nyumba walichukua koleo na mkasi wa bati, wakatoboa ukuta kati ya vyumba viwili na kuziba mlango mmojawapo, wakapata chumba kimoja cha sentimita 15 kwa 30. Kiota hujengwa nyuma kabisa, mbali na kucha na mvua. Vyumba hupungua nusu, jambo linalomkera aliyelipia vyumba 12, lakini vyumba sita vyenye makinda vina faida kuliko 12 vyenye kwezi.

Mlango ndio uliobadilisha biashara yenyewe. Katika miaka ya 1980 mpenda ndege mmoja wa jimbo la New Brunswick, Kanada, aligundua kwamba tundu la nusu duara, lililolala kama hilali iliyoelemea chini, humpitisha mbayuwayu na kumzuia kwezi. Kwezi ana kifua kinene zaidi na hawezi kujibana chini ya ukingo wa juu. Kimo ni sentimita 3 na upana kama 7.6. Hapo kwenye kimo hakuna kukadiria kwa jicho, kwa sababu milimita mbili zikizidi kwezi wengine hupita. Ukingo wa chini nao uwe karibu usawa wa sakafu, na kibao cha kutua kiwe usawa huo huo ndani na nje. Mlango ukiinuliwa, kwezi hupata nafasi ya kujiinua na kujisukuma ndani.

Kuna tahadhari. Mbayuwayu aliyezoea mduara anaweza kugoma mbele ya hilali, kwa hiyo wazoefu hubadilisha milango michache kwanza na kungoja ndege waanze kujenga ndipo wamalize iliyobaki. Shomoro, kwa udogo wake, hazuiwi na hilali. Viota vyake hutolewa kwa mkono, tena na tena. Sheria inaruhusu, kwa kuwa mkataba wa ndege wahamao wa mwaka 1916 kati ya Marekani na Uingereza, iliyotia saini kwa niaba ya Kanada, na sheria ya Marekani ya 1918 iliyoutekeleza, haziwalindi shomoro na kwezi wa Ulaya. Mbayuwayu na mayai yake, hao wanalindwa.

Kibuyu kina kazi zaidi kuliko alumini, lakini ndege wanakipenda, na kinaning'inia mahali ambapo paka na nyoka hupata tabu. Kinachofaa ni cha tumbo la mviringo, chenye kipenyo cha sentimita 20 hadi 33 na ganda nene. Huvunwa mwishoni mwa msimu na kuachwa kikauke miezi kadhaa hadi mbegu zisikike zikichezacheza ndani. Ukungu mweusi utakaokifunika usimtishe mtu. Husuguliwa kwa maji na steli wulu ganda likabaki safi. Mlango hukatwa pale ambapo tumbo linatazama mbele moja kwa moja. Ukikatwa juu zaidi mvua huingia, na chini zaidi makinda huanguka. Kisha hutobolewa matundu madogo kwa keekee: machache chini ya kitako ya kutolea maji, machache chini ya shingo ya kupitishia hewa, na mawili shingoni ya kupitishia waya. Ubavuni hukatwa tundu la kutosha mkono, likafungwa kwa mfuniko wa chupa ya plastiki ya mdomo mpana, ili kiota kikaguliwe bila kubomoa kitu.

Kabla ya rangi, wengi hukiloweka katika maji ya mrututu ili kisioze, wakiwa wamevaa glavu. Halafu rangi nyeupe ya mafuta, nje tu. Nyeupe hurudisha jua, na mlango mweusi juu ya nyeupe huonekana kwa ndege aliye mbali.

Nguzo huwa ya mita 3.5 hadi 4.5, angalau mita 12 kutoka mti wa karibu, lakini isiwe mbali sana na nyumba ya watu. Ndege huyu anajua kwamba mwewe huwaogopa watu. Chini ya vibuyu huvalishwa bati la kuzuia nyoka na rakuni. Kapi na kamba hushusha vibuyu vyote pamoja, na mara moja kwa wiki mayai na makinda huhesabiwa. Mbayuwayu hasusi kiota eti kwa sababu mtu amekigusa.

Wengine huenda mbali zaidi. Baridi ikirudi ghafla baada ya ndege kufika, wadudu hawaruki, na ndege hufa njaa ndani ya siku chache. Mvua za kimbunga Agnes mwezi Juni 1972 ziliua mbayuwayu wengi sana Pennsylvania na majimbo jirani. Dhoruba ya barafu ya Februari 2021 iliua waliotangulia kufika Texas na Louisiana. Siku kama hizo utamwona mtu mzima amesimama uani na kijiko cha plastiki, akirusha nyenje hewani mmoja mmoja, au vipande vya mayai ya kukaanga, mpaka ndege ajifunze kudaka.

Msomaji wetu bila shaka ameshaanza kupiga hesabu: je, tuwapelekee vibuyu vyetu? Sishauri. Vibuyu vinastawi vizuri kusini mwa Marekani, wakulima wa huko wanaviuza vikiwa vimekwisha tobolewa, na kuna vya plastiki vinavyobanwa kwa skrubu. Kibuyu ni kitu chenye tumbo tupu. Anayekisafirisha kwa meli analipia hewa, bado hajaomba cheti cha afya ya mimea. Linalouzika huko ni ufundi: mlango wa milimita zinazotakiwa, mfuniko unaobana na rangi isiyobanduka.

Kwa anayeanza, kalenda ndiyo humkatisha tamaa. Ndege wakubwa hufika Florida tangu Januari na majimbo ya kaskazini Aprili, lakini hao hurudi walikozoea, hawatafuti nyumba mpya. Wanaotafuta ni vijana wa mwaka mmoja, nao hufika wiki kadhaa baadaye. Mwenye nguzo mpya aliyekata tamaa mwezi Aprili na kushusha vibuyu vyake huwa ameufunga mlango kabla mpangaji hajafika mtaani.