Motokaa za Shule Wakati wa Mvua Kubwa

Kila siku asubuhi, kabla jua halijatokeza vema, watoto wa Kibera na Kawangware husimama kando ya barabara wakingoja motokaa ndogo za kuwapeleka shule. Siku za ukavu safari hiyo ni jambo jepesi. Lakini masika yaanzapo mwezi wa Machi, na vuli mwezi wa Oktoba, yafaa dereva, mzazi na mwalimu wafahamu gari hilo laweza nini mbele ya maji, na hushindwa wapi.

Kwanza tuitazame ardhi. Kibera imelala juu ya mteremko unaoshuka mpaka Mto Ngong na Bwawa la Nairobi. Kawangware nayo ina vijito ambavyo maji yake huishia katika Mto Nairobi. Nyumba zimesongamana, mapaa ni ya mabati, na ardhi iliyo wazi ya kunywa maji ni kidogo. Kwa hiyo mvua yote hukimbilia mitaroni, na mtaro uliozibwa na takataka huyamwaga maji barabarani. Palipokuwa na vumbi asubuhi, jioni huwa mto.

Wako wanaodhani kwamba uzito wa gari watosha kulikalisha chini. Sivyo. Maji yanayojaza sanduku la mita moja kila upande yana uzito wa kilo 1,000. Tumbo la gari dogo la abiria 14 lina eneo la kadiri ya mita 8 za mraba. Basi, maji yakipanda sentimita 10 juu ya tumbo hilo, hulisukuma gari kwenda juu kwa nguvu ya kadiri ya kilo 800. Yakipanda tena kiasi hicho, gari la tani mbili limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uzito wake. Magurudumu hayashiki tena, na mkondo hulichukua kando. Tena maji ya matope huficha shimo, na injini ikivuta maji huzimika pale pale.

Mambo haya si ya kubuni. Tarehe 4 Desemba 2021, basi kubwa la shule lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika karibu na Mwingi, likasombwa, na watu zaidi ya 30 wakafa. Tarehe 12 Aprili 2024, mjini Arusha, gari dogo la shule lilichukuliwa na maji ya korongo, na watoto wakapoteza maisha. Kubwa halikuokoka, wala dogo.

Dereva mwema hujitayarisha kabla ya mvua. Huangalia tairi zisiwe vipara, vifuta kioo vifanye kazi, na breki zishike. Akipita penye maji machache, hukanyaga breki polepole baadaye ili zikauke. Pumzi za watoto zikitia ukungu vioo, hufungua dirisha kidogo. Akikuta maji yanayokwenda kasi, au asiyoweza kuona chini yake, hageuzi jambo hilo kuwa mashindano: hurudi nyuma, au hungoja mahali pa juu.

Wazazi nao wana kazi yao. Wapatane na shule, kabla ya masika, juu ya mahali palipoinuka karibu na lami, mbali na mto na mtaro, ambapo watoto watapandia na kushukia siku za mvua. Mtoto mdogo asiachwe kuvuka mtaro peke yake. Namba za simu za dereva na za mzazi zijulikane pande zote mbili.

Zaidi ya yote, mzazi asimkemee dereva aliyechelewa kwa kuyakimbia maji. Madereva wengi huingia mtoni kwa kuogopa lawama, si kwa ushujaa. Mwaka 2024 Serikali ya Kenya yenyewe iliahirisha kufunguliwa kwa shule kwa sababu ya mafuriko, na shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Ikiwa nchi nzima iliweza kungoja majuma mawili, gari moja laweza kungoja saa moja. Wazee walisema, kawia ufike. Somo lililopotea leo hufundishwa kesho. Mtoto aliyepotea harudi.