Kamera ya 200MP Haitalinda Salio Lako: Tulinganishe Simu Mpya kwa Jicho la Pesa

Kila Septemba Apple huzindua iPhone mpya. Mapema kila mwaka Samsung hutoa Galaxy S yao, Google wana Pixel, na huku kwetu mabango ya Tecno, Infinix, Oppo na Xiaomi hayaishi barabarani. Kila mmoja anasema yake ndiyo kali. Kamera ya kupiga picha usiku, skrini inayokunjwa, chaji ya dakika chache, akili mnemba ya kukuandikia ujumbe. Na kila msimu kama huu wateja hutuuliza: nataka kubadilisha simu, nichukue gani?

Sisi hatuuzi simu, kwa hivyo hatutakuchagulia kampuni. Lakini pesa yako inaishi ndani ya hiyo simu, na hapo ndipo tuna neno. Kabla hujaangalia kamera, jiulize hivi: simu hii ikinyakuliwa mkononi mwangu sasa hivi, ikiwa imefunguliwa, mwizi atafika wapi kabla sijapata simu ya mtu niombe laini yangu ifungwe? Ukipanga simu kwa swali hilo, zile zinazopigiwa kelele sana si lazima ziwe mbele.

Simu inayojua imenyakuliwa

Wizi wa simu unaujua. Matatu imekwama kwenye jam, dirisha liko wazi, uko katikati ya kujibu ujumbe, mkono unaingia, simu imeenda. Shida kubwa hapo ni kwamba simu imeondoka ikiwa wazi. Mwizi hahitaji kukisia chochote. Anasoma jumbe zako, anaona salio kwenye ujumbe wa mwisho wa malipo, anajua jina lako kamili, na kama umepiga picha ya kitambulisho, anapata hata tarehe yako ya kuzaliwa. Kutoka hapo kujaribu PIN si kazi ngumu, hasa kama PIN yako ni mwaka uliozaliwa.

Mwaka 2024 Google walileta kipengele ambacho, kwa maoni yetu, kina maana kwa mtu wa Nairobi au Mombasa kuliko skrini yoyote ya kukunjwa. Simu hutumia vitambuzi vyake vya mwendo na akili mnemba kutambua kwamba imevutwa ghafla kisha mtu akakimbia au akaondoka na pikipiki. Ikihisi hivyo, inajifunga skrini yenyewe. Walianza kukijaribu Brazil, nchi ambayo kunyakuliwa simu barabarani ni balaa kama kwetu, kisha kikasambazwa kwa simu nyingi za Android kuanzia toleo la 10. Kwa hivyo huenda hata hiyo simu uliyo nayo tayari inacho. Fungua mipangilio, nenda sehemu ya Google, tafuta ulinzi dhidi ya wizi. Ukikiona, kiwashe leo. Usipokiona, simu yako haikipokei, na hilo ni jambo la kukumbuka siku ya kununua nyingine.

Hapo hapo kuna namna ya kufunga simu ukiwa mbali kwa kutumia namba yako ya simu tu, kwenye android.com/lock. Inasaidia sana kwa sababu ukiibiwa, nenosiri la Google ndilo kitu cha mwisho utakachokumbuka. Ila lazima uiwashe kabla. Na haina nguvu kama simu haina intaneti, ndiyo maana Google waliongeza kufuli nyingine inayofunga skrini simu ikikatiwa mtandao kwa muda.

Apple walipitia njia tofauti. Marekani wezi walikuwa wanachungulia mtu baa akiandika namba ya kufungua iPhone, kisha wanamnyang'anya. Namba hiyo moja iliwapa kila kitu: nenosiri, akaunti, hadi programu za pesa. Januari 2024, pamoja na iOS 17.3, Apple walileta ulinzi mpya. Ukiwashwa, iPhone ikiwa mbali na nyumbani au kazini kwako haitoi manenosiri yaliyohifadhiwa kwa namba tu. Lazima uso wako au kidole chako. Kubadilisha nenosiri la akaunti ya Apple kunahitaji kusubiri saa moja, kisha uso au kidole tena. Saa moja inatosha kupiga ripoti.

Funzo la hizo baa linatuhusu hata sisi wa kabambe. Wateja wengi hutumia namba zile zile nne kufungua simu na kutuma pesa. Mtu akikuchungulia ukifungua simu kwenye foleni ya wakala, amepata PIN ya pesa bila wewe kujua. Hakuna kampuni ya simu itakayokusaidia hapo. Tenganisha hizo namba mbili.

Kidole au uso?

Dukani utaambiwa simu inafunguka kwa uso. Uliza: uso wa namna gani? iPhone zenye Face ID, tangu iPhone X ya 2017, hurusha zaidi ya nukta 30,000 za mwanga usioonekana usoni mwako na kusoma umbo lake. Simu nyingi za bei ya kati na ya chini hutumia kamera ya mbele tu, yaani zinalinganisha picha. Hiyo ni sawa kwa kufungua simu haraka ukiwa unapika, lakini si kufuli ya pesa, na ndiyo sababu programu nyingi za malipo hukubali kidole kwenye simu hizo na kukataa uso. Google walifaulu kuinua kiwango cha kamera ya kawaida hadi kikakubalika kwa malipo, kuanzia Pixel 8 mwaka 2023, lakini hizo si simu utakazokuta kwa wingi Luthuli Avenue.

Kidole basi. Hapa watengenezaji wameshindana kukihamisha: kutoka kwenye kitufe, wakakipeleka mgongoni, wakakiweka pembeni kwenye kitufe cha kuwasha, na sasa kiko chini ya kioo. Cha chini ya kioo kinaonekana cha kisasa zaidi. Sisi bado tunapenda cha pembeni. Kioo kikipasuka na fundi akakuwekea kingine cha bei nafuu, cha chini ya kioo kinaweza kufa hapo hapo. Cha pembeni kinaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Na upya una gharama yake. Mwaka 2019 Samsung walitoa Galaxy S10 na kitambuzi kinachosoma kidole kwa mawimbi ya sauti chini ya kioo. Mwezi wa Oktoba ikagundulika Uingereza kwamba ukibandika aina fulani ya kikinga kioo cha bei rahisi, simu inaweza kufunguliwa na kidole cha mtu yeyote. Korea Kusini, KakaoBank iliwaambia wateja wazime kidole kwanza. Samsung walikiri na kutoa sasisho la kurekebisha. Sasa hebu fikiria simu yenye kasoro kama hiyo ambayo haipokei masasisho tena. Kasoro inabaki hapo, na wewe huna habari.

Miaka ya masasisho, ile namba isiyoandikwa kwenye bango

Hapa ndipo tungependa upoteze muda wako dukani. Sasisho la usalama ni fundi anayekuja kuziba tundu kwenye ukuta wako kabla mwizi halijapata. Kampuni zikiacha kulituma, matundu mapya hubaki wazi.

Google waliahidi miaka 7 kwa Pixel 8. Miezi michache baadaye, Januari 2024, Samsung wakajibu na miaka 7 kwa Galaxy S24. Ushindani mzuri, ila kwa simu ghali. Kilichotufurahisha zaidi ni Galaxy A16 ya mwishoni mwa 2024, simu ya watu wa kawaida, iliyokuja na ahadi ya miaka 6 ya masasisho ya usalama. Kwa simu za bei hiyo, hiyo ilikuwa hatua kubwa. Kampuni nyingine bado zinatofautiana mfano kwa mfano, kwa hivyo usikubali jibu la "hii inaji-update tu". Uliza ni miaka mingapi, na uhesabu kuanzia siku simu ilipozinduliwa. Usihesabu kuanzia siku unayonunua.

Hesabu hiyo ndiyo inawaumiza wanunuzi wa ex-UK. iPhone X inang'aa, inapiga picha safi, marafiki watakusifu. Lakini iOS 17 haikuifikia. Maana yake ule ulinzi wa wizi tuliotaja juu haupo kwenye iPhone X, na hautakuja. iPhone XR na XS za 2018, zilizotoka mwaka mmoja tu baadaye, zinao. Mtu anayekuuzia hatakueleza, pengine hata yeye hajui.

Tunajua pia sasisho linakula bando. Subiri Wi-Fi ya kazini au ya cyber, lakini usilipuuze miezi sita.

Walichofanya vizuri wale wa chini

Tusiwadharau watengenezaji wa simu za bei nafuu. Transsion, kampuni ya Shenzhen, Uchina, inayomiliki Tecno, Infinix na itel, ilijenga jina Afrika kwa kutazama maisha yetu: betri inayodumu na nafasi ya laini mbili, wakati kampuni kubwa ziliona laini mbili kama jambo la pembeni. iPhone haikuwa na laini mbili katika masoko mengi hadi 2018. Kwa mtu anayelipia kila kitu kwa simu, betri ni usalama pia. Simu ikizima saa mbili usiku ukiwa stage, huna nauli. Nyingi za simu zao pia zina kufuli ya programu moja moja, ili hata simu ikiwa wazi, programu ya pesa idai kidole tena. Samsung wana Folda Salama, na Android 15 ikaongeza nafasi ya faragha. Chochote ulicho nacho, kitumie.

Hata Kenya tumeingia. Oktoba 2023 kiwanda cha EADAK kilizinduliwa Athi River, na simu zake za Neon zilianza kwa Sh7,499. Kwa mtu anayetoka kwa kabambe hiyo ni hatua. Swali la kuuliza linabaki lile lile: ina kidole? Itapata masasisho hadi lini?

Kuhusu akili mnemba ya kukamata matapeli: Google walileta kipengele kwenye Pixel kinachosikiliza simu na kukuonya ukitapeliwa. Kilianza Marekani, kwa Kiingereza. Yule anayekupigia akisema "nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali nirudishie" haongei hivyo. Kwa sasa kata simu, angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu, basi.

Kufuli ambayo hakuna anayeitangaza

Haya yote yanafunga simu. Hayafungi laini. Mwizi mjanja hahangaiki na kidole chako wala uso wako. Anachomoa laini, anaiweka kwenye simu nyingine, na jumbe zote za kuthibitisha zinaingia kwake. Ana simu ya elfu moja na laini yako, na ile simu yako ya elfu themanini inabaki jiwe tu.

Dawa ni PIN ya laini, ambayo iko hata kwenye mulika mwizi. Si ile PIN ya kutuma pesa. Hii huulizwa kila laini inapowekwa kwenye simu au simu inapowashwa. Iko kwenye mipangilio ya usalama, upande wa SIM. Utaombwa namba ya mwanzo iliyo kwenye kadi uliyopewa uliponunua laini, kisha uweke yako. Usibahatishe: ukikosea mara tatu utadaiwa PUK, na ukikosea PUK mara kumi laini hiyo imekufa. Kama kadi ilipotea, pitia kwa duka la mtandao wako na kitambulisho.

Simu mpya zaidi zina eSIM, laini iliyo ndani ya simu isiyochomolewa, na mitandao ya hapa inaitoa. Kati ya mambo yote mapya, hili moja tungelipa pesa kidogo zaidi kulipata.

Ukishanunua, kabla hujaondoka dukani, bonyeza *#06#, andika IMEI kwenye karatasi na uiache nyumbani. Ficha maandishi ya jumbe zisionekane skrini ikiwa imefungwa. Halafu mwombe mtu unayemwamini ahifadhi namba yetu ya huduma kwa wateja kwenye simu yake, maana siku utakayoihitaji, yako haitakuwa mkononi.