Joto kwanza, maziwa baadaye

Mwezi wa Julai hapa Njombe sakitu huanguka mashambani, na ndio msimu ambao majirani huniita kuwatazama mbwa waliozaa. Mama mzima, maziwa yapo, lakini kila asubuhi anaokotwa mtoto mmoja amekufa. Wenyewe husema mama amemlalia, au kuna mtu mwenye jicho baya. Nimefuga mbwa wa ulinzi miaka mingi sasa, na nikifika kwenye banda kama hilo kwanza napapasa sakafu. Mara nyingi nakuta saruji tupu, kiroba kimelowa mkojo, na upepo unapenya chini ya mlango. Hapo sina haja ya kuuliza mengi.

Mtoto wa mbwa huzaliwa bila uwezo wa kujipasha joto. Joto la mbwa mkubwa ni kama nyuzi 38 hadi 39; la mtoto wiki ya kwanza ni kati ya 35 na 37, na hajui hata kutetemeka. Mafuta mwilini hana ya kutosha, umbo lake ni dogo, na anatoka tumboni akiwa chepechepe, kwa hiyo joto linamtoka upesi mno. Mama akichelewa kumlamba, mkaushe wewe kwa kitambaa safi, umsugue mpaka alie, kisha umrudishe chuchuni apate dang'a. Baada ya hapo joto lake lote linatoka kwa mama na kwa ndugu zake.

Watazame wanavyolala. Wakiwa wamegusana, wametulia, miguu inarukaruka usingizini, hali ni njema. Wakirundikana na kulia, wana baridi. Wakitawanyika kila mmoja kona yake huku wanahema, wamezidiwa na joto. Wa kumwogopea zaidi ni yule aliyebaki peke yake pembeni, kimya. Mtie ncha ya kidole kidogo mdomoni. Ukikuta mdomo wa baridi na ulimi haunyonyi, huyo anakwenda.

Sasa hapa ndipo watu wanapomaliza watoto kwa huruma. Wanakimbilia maziwa na bomba la sindano. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 34 hivi, utumbo unaacha kufanya kazi: maziwa yanalala tumboni bila kusagwa, na kwa kuwa kumeza nako kumelegea, mengine yanaingia kwenye mapafu. Mama mwenyewe humsukuma kando mtoto aliyepoa. Mpashe joto kwanza. Mimi humweka kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya sweta, nikimgeuza mara kwa mara. Kazi hiyo huchukua saa moja, pengine hadi tatu, na haitaki haraka. Usimtumbukize kwenye maji ya moto wala kumsogeza kwenye moto, maana ngozi itaungua na ndani bado ana baridi. Siku zote nangoja anyonye kidole changu kwa nguvu ndipo nimpeleke kwa mama.

Kiota hakina gharama. Boksi lenye kingo ambazo mama anaweza kuzivuka na watoto hawawezi, liinuliwe juu ya mbao lisiguse saruji, ndani utandike makaratasi na blanketi kuukuu. Chupa za plastiki za soda zijaze maji ya moto kiasi, zifunge vizuri, zizungushie khanga chakavu, kisha zipange upande mmoja tu, ili anayeona joto limezidi ajiburure kwenda upande wa pili. Zibadilishe kabla hazijapoa, kwani chupa iliyopoa inawanyonya joto. Kipimajoto kikae pale wanapolala: nyuzi 29 hadi 32 wiki ya kwanza, kisha upunguze kidogo kidogo, na kufikia wiki ya tano 21 hadi 24 zinatosha. Mwenye taa ya kulelea vifaranga anaweza kuitumia, mradi aifunge kwa mnyororo imara, juu, imulike nusu ya boksi. Umeme ukikatika, rudi kwenye chupa.

Jiko la mkaa lisiingie ndani. Najua baridi ya huku na najua kila nyumba ina jiko, lakini hewa yake ya sumu haina harufu; mlango ukifungwa inaua watoto wa mbwa, mama yao, na watu waliolala chumba hicho.

Wakati wa kuamka ni alfajiri. Mama hutoka kujisaidia saa ambayo baridi ni kali kuliko zote, na akikuta paka au mgeni uani huchelewa kurudi. Wafunike, badilisha chupa, wahesabu, mguse kila mmoja tumbo. Na kama umempasha mtoto saa mbili au tatu, mdomo umepata joto, naye bado hanyonyi, mwite mtaalamu wa mifugo asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu huyo ana tatizo jingine.