Stempu zilizokatwa sura kwa kalamu

Serikali ikipinduliwa, bendera hushushwa siku hiyo hiyo. Stempu huchukua muda zaidi, maana ni mali: kila kipande kina thamani yake, na nyingine huagizwa ng'ambo, zichapwe, zisafirishwe kwa majuma. Barua nazo hazisubiri.

Hayo ndiyo yaliyoikuta posta ya Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964. Akiba yake ilikuwa ya namna mbili. Kwanza, stempu za kawaida za mwaka 1961, zenye sura ya Sultani, Seyyid Abdullah bin Khalifa, aliyefariki Julai 1963. Pili, stempu za uhuru wa Desemba 10, 1963, ambazo hazikuwa na umri hata wa miezi miwili. Hizo zilikuwa na sura ya mwanawe, Seyyid Jamshid, ambaye sasa alikuwa amekimbia nchi. Ile ya shilingi 1 na senti 30 ilichorwa misikiti na makanisa kusifu watu wa dini mbalimbali kuishi pamoja. Ya shilingi 2 na senti 50 ilionyesha pango la Mangapwani.

Dawa ya kwanza ilikuwa kalamu. Kati ya Januari 14 na 17, stempu ziliuzwa sura ya Sultani ikiwa imekatwa kwa mistari miwili iliyopishana. Kwangu mimi hizi ndizo nzito kuliko zote zilizowahi kutoka Zanzibar. Utawala mpya ulikuwa haujapata chapa yake, lakini ulikwisha kufika kwenye dirisha la posta, mkononi mwa karani.

Januari 17 ukaja muhuri wa mkono: JAMHURI 1964, kwa wino mweusi. Kazi ya mkono huonekana. Mara neno limekaa upande, mara limepinduka kichwa chini, mara limegongwa mara mbili. Mwisho wa Februari zikapokewa zilizochapwa kwa mashine Uingereza, herufi zimenyooka, na zile za muhuri zikawa za kutafutwa na wakusanyaji dunia nzima. Hapo waghushi wakapata kazi.

Kuzitambua zilizo halisi kunataka subira na lenzi. Karani aligonga JAMHURI kabla ya kuuza. Muhuri wa posta wenye jina la mji na tarehe ulikuja baadaye, barua ilipopokewa. Kwa hiyo wino wa tarehe uwe juu ya wino wa JAMHURI. Ukiona JAMHURI imepanda juu ya tarehe, shuku. Tarehe nayo isomwe: muhuri wa mkono hauwezi kukaa kwenye barua iliyopita posta kabla ya Januari 17.

Pwani hii ilikwisha kuyaona mambo kama hayo. Waingereza walipoiteka Mafia Januari 1915, walizikuta stempu za Wajerumani, wakazigonga herufi G.R., yaani Mfalme George, pamoja na jina la kisiwa. Upande wa pili, manowari za Kiingereza zilikuwa zimewafungia Wajerumani bahari, na mwaka 1916 wakachapa stempu zao kwenye mtambo wa misheni ya Wuga, Usambara. Meli moja ikapenya na shehena ya stempu kutoka kwao, na zile za Wuga hazikutumika.

Zanzibar iliendelea kutoa stempu zake hata baada ya Muungano, mpaka Januari 1, 1968 zilipoondolewa na zikabaki za Tanzania.

Kama nyumbani kwenu, iwe Mji Mkongwe, Ng'ambo, Mombasa au Maskati, kuna barua za mwaka 1964, tafadhali msizibandue stempu. Stempu iliyobanduliwa hupoteza nusu ya ushahidi wake: tarehe hukatika, anwani hupotea, na njia iliyopita barua haijulikani tena. Wekeni bahasha nzima, pakavu, mbali na jua, na mkitaka kujua thamani yake mpelekeeni mjuzi ikiwa vile vile ilivyo.